Umefuta Data, Mbona Diski Bado Imejaa? Niliyosema Lamu Kuhusu Kupanga Upya Majedwali

Hii ndo ile mada niliyowasemesha vijana wa kompyuta pale Mkomani, Lamu, baada ya alasiri. Waliokosa wameniomba niiandike, basi nimeiandika vile nilivyosema, na maswali mawili ya mwisho nimeyaweka pia.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Na wengine wote, hamjambo? Haya. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni, najua baadhi yenu mmeletwa na wajukuu lakini nitajitahidi mtoke na kitu.

Kuna swali nalipata kila nikipita, Shela, Langoni, hata kwenye boti ya Mokowe mtu ananishika bega: kaka, nimefuta data ya miaka mitatu kwenye sistimu ya gesti, mistari mamilioni, na diski haijashuka hata kidogo, inakuaje? Halafu wa pili yake ananiambia yeye ameambiwa apige OPTIMIZE, ile amri ya kupanga jedwali upya, kila Ijumaa usiku na ameweka kwenye ratiba ijiendeshe yenyewe, je ni sawa? Maswali haya mawili ni ndugu, na jibu langu niwape mapema ili anayesinzia asinzie kwa amani: nafasi tupu iliyo ndani ya jedwali si hasara mpaka upime uone kuwa ni hasara, na wengi wanaopanga majedwali upya kila wiki wanajichosha bure, saa zingine wanaifanya databesi iwe nzito kuliko ilivyokuwa.

Sasa tuingie ndani. Databesi haiandiki mstari mmoja mmoja kwenye diski, inaandika kwa kurasa. Programu za databesi ni nyingi: PostgreSQL ukurasa wake ni KB 8, SQL Server pia KB 8, na InnoDB, ile sehemu ya MySQL inayohifadhi data, ni KB 16. Mstari wako, hata uwe mdogo vipi, unaishi ndani ya ukurasa, na databesi ikitaka kuusoma inabeba ukurasa mzima. Mmekua kwenye nyumba za mawe nyinyi, mnazijua zidaka za ukutani. Ukitoa sahani kwenye kidaka, kidaka kinabaki wazi na ukuta unabaki na urefu wake uleule. Kufuta mistari ni hivo hivo. DELETE inatoa sahani, haibomoi ukuta, na faili kwenye diski ndo ukuta wenyewe.

PostgreSQL iko na jambo lingine zaidi ambalo wengi hawalijui hata baada ya kuitumia miaka. Ukipiga UPDATE, amri ya kubadilisha mstari, haibadilishi palepale, inaandika mstari mpya mzima na ule wa zamani unabaki mahali pake, mfu, kwa sababu huenda kuna mtu mwingine kwenye muamala wake, yaani kazi aliyoifungua na hajaifunga, bado anautazama ule wa zamani na ana haki ya kuuona. Kwa hivyo jedwali la vyumba vya gesti lenye mistari 40 tu, lakini lina safu ya "mara ya mwisho kuguswa" inayobadilishwa kila sekunde chache, linaweza kufura likawa MB nyingi, na mwenyewe anashangaa vyumba 40 vimekulaje diski.

Ile mistari mifu inasafishwa na VACUUM. Hii ya kawaida haipunguzi faili, inaweka alama tu kwamba hapa pako wazi, anayekuja aandike hapa. Kitu pekee inachoweza kurudisha kwa diski ni kurasa tupu zilizo mwisho kabisa wa faili, zile za katikati hapana. Na ndo maana ukifuta data ya zamani, ambayo kwa kawaida imekaa mwanzo wa faili, hupati kitu diskini. Lakini sikilizeni, hujapoteza! Nafasi ipo, data ya mwaka huu itaingia mle mle na faili halitakua kwa muda mrefu. Ukiwa na diski ya kutosha hapo kazi imekwisha, nenda kalale.

Hiyo VACUUM inajiendesha yenyewe, inaitwa autovacuum, na tangu toleo la 8.3 la 2008 inakuja ikiwa imewashwa. Kipimo chake cha kawaida ni mistari mifu 50 kujumlisha asilimia 20 ya jedwali. Sasa pigeni hesabu: jedwali la mistari milioni 10 litasubiri mpaka wafu wapite milioni 2 ndo lisafishwe. Kwa jedwali dogo ni sawa kabisa, kwa kubwa ni kuchelewa mno, na dawa yake si kupanga upya jedwali kila mwezi, dawa ni kushusha ile asilimia kwa jedwali hilo moja peke yake, weka 2 au hata 1, isafishwe mara nyingi kidogo kidogo. Naona watu wengi wanazima autovacuum ati inakula seva. Jamani. Inakula seva kwa sababu imeachiwa rundo, usiizime, iache ifanye kazi mara nyingi zaidi.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao hata VACUUM haiuwezi, ni muamala uliofunguliwa ukaachwa wazi. Programu imefungua muamala asubuhi, ikabadilisha kitu, aliyeiandika akasahau kuufunga, na muamala umekaa pale saa kumi na mbili nzima bila kufanya lolote. Maadamu muamala uko wazi, mistari yote iliyokufa baada yake haiwezi kusafishwa, manake databesi haina uhakika kama mwenye muamala ataitaka. Jedwali linafura, VACUUM inapita inaripoti wafu wapo ila hawaondoleki, mwenye sistimu anapiga VACUUM FULL, ile nzito ya kujenga jedwali upya, inasubiri inasubiri au inamaliza na kesho yake jedwali limefura tena. Kabla ya kupanga chochote tazama kwanza pg_stat_activity, orodha ya walioingia kwenye databesi, tafuta walioandikwa "idle in transaction". Ukiwapata hao umeokoa wiki nzima.

Tuje kwenye kupanga upya kwenyewe. VACUUM FULL inaandika jedwali jipya kando, inahamisha mistari hai peke yake, inajenga upya indeksi zote, zile orodha za kutafutia mistari haraka, halafu inalitupa la zamani. Diski inashuka kweli, hapo siwadanganyi. Lakini bei yake! Ya kwanza, wakati inaandika unakuwa na jedwali la zamani na jipya pamoja, kwa hiyo yule aliyekuja analia diski imejaa hana hata pa kuliweka hilo jipya, na hii ndo kinaya cha mambo haya, dawa inahitaji nafasi ambayo mgonjwa hana. Ya pili, inalifunga jedwali kabisa, hata SELECT, amri ya kusoma tu, haipiti. Kama ni jedwali la booking basi gesti imesimama mpaka imalize. Ukitaka kuifanya kwa lazima, fanya saa nane za usiku, na kwa hapa kwetu afadhali msimu wa kusi wageni wakiwa wachache, usije ukajaribu wakati wa Maulidi mji umejaa na kila simu inalia.

Asiyeweza kufunga jedwali kuna pg_repack, inajenga jedwali jipya pembeni huku watu wanaendelea kuandika kwenye la zamani, mabadiliko yanakusanywa na kuletwa baadaye, inafunga kidogo tu mwanzoni na mwishoni. Inataka jedwali liwe na ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila mstari peke yake, au indeksi ya kipekee isiyokubali tupu, na nafasi ya diski inahitaji ileile maradufu. Hilo halina njia ya mkato.

MySQL ni hadithi nyingine kidogo. Ukipiga OPTIMIZE TABLE kwenye InnoDB yenyewe inakujibu kwamba jedwali hili halikubali optimize, kwa hiyo inalijenga upya na kuchukua takwimu zake, yaani picha ya data iliyomo, badala yake. Nachekaga kila nikiiona, manake watu wanadhani ni kosa wakaogopa. Si kosa, imefanya kazi. Matoleo ya sasa inafanya hivyo huku watu wanasoma na kuandika kwa sehemu kubwa ya muda, si kama zamani.

Haya, nafasi tumeielewa. Na mwendo je? Hapa ndo watu wanadanganyika sana.

Zamani za diski za kuzunguka, kichwa cha diski kilikuwa kinaruka huku na huko kutafuta kurasa zilizotawanyika, kila kuruka ni milisekunde kadhaa, kwa hiyo kupanga kurasa zifuatane kulikuwa na faida ambayo hata mtumiaji wa kawaida aliiona. Leo karibu kila seva mnayokodi ni SSD, haina kichwa cha kuruka, na mtawanyiko wa faili hausumbui kama zamani. Ushauri mwingi mnaosoma bado ni wa enzi ile. Ile kanuni maarufu ya SQL Server, kwamba indeksi ikiwa imevurugika asilimia 5 mpaka 30 fanya REORGANIZE, yaani ipange palepale, na ikizidi 30 fanya REBUILD, yaani ijenge upya, imenakiliwa na watu kama aya, wakati mwenye indeksi ya kurasa mia mbili hapati chochote kwa kuifanyia hayo.

Kinachobaki kuwa na uzito mpaka leo ni memori. Ukurasa ulio nusu tupu unachukua memori sawasawa na uliojaa. PostgreSQL na InnoDB zote mbili ukiziweka bila kugusa mipangilio zinajitengea MB 128 tu za kuhifadhia kurasa, na wengi hapa hawajawahi kugusa hiyo namba, si kweli? Mnacheka, basi ni kweli. Sasa MB 128 kwa kurasa za KB 8 ni kurasa 16,384. Kama kurasa zako ziko nusu tupu basi umebeba nusu ya data uliyoweza kubeba, na iliyobaki inafuatwa diskini kila mara. Lakini hebu fikirieni, kabla ya kufunga jedwali usiku kucha ili kupata hiyo nusu, si uongeze kwanza hiyo namba ikiwa seva ina GB 8 zimekaa bure?

Kuna mahali mpangilio wa mistari unaleta tofauti kubwa kweli, nitoe mfano. Jedwali moja la booking za gesti nyingi, kila mstari una data ya baiti 96. PostgreSQL inaongeza kichwa cha baiti 23 ambacho kinafikishwa 24, na kielekezo cha baiti 4, jumla 124, kwa hiyo ukurasa mmoja unabeba mistari 65 hivi. Mwenye gesti moja anataka booking zake 500. Kama zimetawanyika kila moja kwenye ukurasa wake, databesi inasoma kurasa 500, ni kama MB 4. Kama zimekaa pamoja ni kurasa 8, KB 64. Hiyo ni tofauti ya kweli na hata SSD haiifichi! PostgreSQL ina CLUSTER ya kupanga mistari kwa kufuata indeksi, ila inapanga mara moja tu, zinazoingia kesho zinakaa popote penye nafasi, na inafunga jedwali kama VACUUM FULL. InnoDB yenyewe siku zote inaweka mistari kwa mpangilio wa ufunguo mkuu, kwa hiyo ukiuchagua vizuri ufunguo umepata mpangilio bure, na ukiuchagua vibaya umejifunga.

Kuuchagua vibaya ni kama kuweka UUID, kile kitambulisho kirefu cha kipekee, ya kubahatisha kuwa ufunguo mkuu wa InnoDB. Kila mstari mpya unataka kuingia mahali tofauti katikati ya jedwali, ukurasa umejaa, unakatwa vipande viwili nusu kwa nusu. Namba zinazofuatana zinaacha kurasa zimejaa kama sehemu 15 kwa 16, za kubahatisha zinaacha popote kati ya nusu na hapo. Na kila indeksi nyingine inabeba nakala ya ule ufunguo mkuu, kwa hiyo ukiuhifadhi kama maandishi ya herufi 36 badala ya baiti 16 umelipa kila mahali. Unaweza kupiga OPTIMIZE, jedwali likanyooka, na mistari mipya ikaanza kulivuruga dakika hiyohiyo. Aliye na lazima ya UUID atumie toleo la 7, lililowekwa kwenye RFC 9562 ya 2024, linaanza na muda kwa hiyo mistari mipya inaingia mwishoni.

Sasa kuna udanganyifu mmoja. Mtu anafanya REBUILD ya indeksi, ripoti iliyokuwa inachukua dakika inachukua sekunde, anasema mmeona, kupanga upya kumefanya kazi. Mara nyingi kilichofanya kazi ni takwimu. REBUILD ya SQL Server inachukua njiani takwimu mpya za indeksi hiyo kwa kusoma mistari yote, na OPTIMIZE ya InnoDB pia inachukua takwimu, na ile akili ya databesi inayochagua njia ya kujibu kweri, yaani swali uliloiuliza, ikipata takwimu sahihi inaacha njia ya kijinga iliyokuwa ikiifuata. Ungepiga ANALYZE peke yake, amri ya kuchukua takwimu tu, kwa SQL Server ni UPDATE STATISTICS, ungepata yaleyale kwa sekunde chache bila kumfungia mtu. Kwa hiyo mimi naanza na ANALYZE siku zote, nikiona mwendo umerudi nafunga laptop.

Na sasa lile nililosema mwanzo, kwamba unaweza kuharibu. PostgreSQL ina njia ya mkato inaitwa HOT, tangu 8.3: ukibadilisha mstari bila kugusa safu yenye indeksi, na ukurasa uleule ukawa na nafasi, mstari mpya unawekwa palepale na indeksi haziguswi kabisa. Ni rahisi mno na inajisafisha haraka. Lakini inahitaji nafasi kwenye ukurasa. Sasa wewe umepiga VACUUM FULL, na fillfactor ya jedwali kwa kawaida ni 100, yaani jaza mpaka juu, kila ukurasa umeshindiliwa. Asubuhi wateja wanaanza kubadilisha booking, hakuna nafasi, kila UPDATE inahamia ukurasa mwingine na kila indeksi inaongezewa ingizo jipya, jedwali linaanza kukua tena na mwendo umepungua. Baada ya siku kadhaa linarudi kwenye ukubwa wake wa jana, kwa sababu huo ndo ulikuwa ukubwa wake wa kazi. Jedwali linaloguswa sana mpe fillfactor 85 au 90, yaani achia nafasi kwa makusudi. Najua inauma kuacha nafasi kwa makusudi mtu anayelipia diski, lakini ndivyo.

Kitu kidogo nisisahau, mpangilio wa safu. PostgreSQL namba ya baiti 8 inataka kuanzia mahali panapogawanyika kwa 8. Ukipanga ndio-hapana, namba kubwa, ndio-hapana, namba kubwa, data inakula baiti 32. Ukiweka zile namba mbili kwanza halafu ndio-hapana mbili, inakula 18 zinazofikishwa 24. Baiti 8 kwa mstari, kwa mistari milioni 10 ni karibu MB 80. Huwezi kuhamisha safu kwenye jedwali lililopo, lazima ujenge jipya, kwa hiyo hili ni la kufikiria siku ya kwanza na si sababu ya kubomoa leo.

Na kwa wale wanaofuta data ya zamani kila mwezi, meseji za malipo ya simu, logi na kadhalika, acheni DELETE kabisa. Gawanyeni jedwali kwa miezi, PostgreSQL inaweza hivyo kwa njia nyepesi tangu toleo la 10 la 2017, MySQL pia ina yake. Mwezi ukizeeka unapiga DROP ya kipande chake, faili linatoweka, diski inashuka hapohapo, hakuna wafu, hakuna VACUUM, hakuna kufunga watu usiku. Hii peke yake ingewaondolea nusu ya simu mnazonipigia.

Haya, maswali. Dada pale nyuma ameuliza kuhusu programu ya simu, ya zahanati, inayotumia SQLite. SQLite, databesi ndogo ya faili moja, nayo kwa mipangilio yake ya kawaida ni vilevile, ukifuta, kurasa zinaingia kwenye orodha ya zilizo wazi na faili linabaki na ukubwa wake. VACUUM yake inajenga faili upya na inaweza kuhitaji nafasi hadi mara mbili ya faili lenyewe, kwa hiyo kwenye simu iliyojaa picha za harusi itagoma. Ifanye simu ikiwa na nafasi, na si kila programu inapofunguka, nimeona programu inafanya hivyo na mwuguzi anasubiri skrini nyeupe.

Na huyu kijana wa mwisho, ana seva ya zamani ya MySQL, faili la ibdata1 lina GB nyingi na amefuta karibu yote, OPTIMIZE haijasaidia. Ndugu yangu, majedwali yako yaliundwa kabla ya kila jedwali kupewa faili lake, jambo ambalo limekuwa kawaida tangu 5.6, kwa hiyo yote yanakaa ndani ya hilo faili moja na hilo halipungui hata uombe vipi. OPTIMIZE ukiwa umewasha innodb_file_per_table italitoa jedwali nje kwenye faili lake, lakini ibdata1 inabaki na ukubwa uleule, utakuwa umeongeza tu. Njia ni kutoa kila kitu kwa mysqldump, zana ya MySQL ya kutoa nakala, kujaribu ile nakala kwenye mashine nyingine mpaka uone inafunguka na data imo, ndipo uanze seva upya na folda tupu ya data na kurudisha. Usifute ibdata1 peke yake ukiacha mengine, ndani yake mna orodha na kumbukumbu ambazo majedwali mengine yote yanazitegemea. Na wewe umesema nakala yako iko kwenye diski hiyohiyo ya seva? Basi anza hapo kwanza, nunua diski ya nje, halafu nipigie.